Kila Neno na Mwenyewe: Kuchagua Programu ya Kuandikia na Kutunza Marejeo

Ndugu zetu wa madarasa ya watu wazima, mlioko Shinyanga, Kahama, Geita na kwingineko, mliokaa darasani na mliokaa chini ya mti, sogeeni karibu na redio. Kila mtu awe na daftari na kalamu.

Somo letu la leo ni juu ya kuandika kazi ya chuo kwa kompyuta, na kutunza marejeo. Marejeo ni orodha ya vitabu, karatasi na watu ambao tumechota habari kwao.

Najua mmoja wenu atauliza: “Mwalimu, mimi nimejua kusoma juzi tu. Mambo ya chuo yanihusu nini?” Swali hilo ni zuri. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, maana elimu haina mwisho. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa mwaka 1992 ili mtu aweze kusoma huku akiendelea na kazi yake. Hapo Kizumbi, Shinyanga, kuna tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Basi aliyeanza na herufi anaweza kufika huko, na wengine wenu mna watoto waliokwisha kufika. Tena jambo la leo huanzia katika daftari ulilonalo mkononi.

Tuanze na jambo mnalolijua. Ninyi wa Geita mmeona mifuko ya mbale ikiletwa karashani. Mifuko hutoka maduara mengi, na kwa macho yote ni sawa. Kwa hiyo hapana budi mwenye mali atie alama mfuko wake mapema, huko huko duarani. Mfuko usio na alama ukifika karashani, huenda ndani yake mna dhahabu kuliko mingine yote. Lakini ni wa nani? Umetoka duara gani? Tukitaka kuchimba tena, tuchimbe wapi? Hapo ugomvi huanza.

Habari uliyoiokota kitabuni ni kama mbale. Jina la mwandishi na mwaka wa kitabu ndiyo alama ya mfuko.

Sasa twende Shinyanga. Mnajua ngitili: ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua, ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI, na ngitili nyingi zikafufuka. Tuseme mama mmoja anasoma chuo naye anaandika juu ya ngitili hizo. Karatasi moja yamwambia kwamba zilifika kiasi cha hekta 350,000. Nyingine yasema hekta 500,000. Aandike ipi?

Hawezi kujibu mpaka ajue nani alihesabu, mwaka gani, na alihesabu nini. Kama katika daftari ameandika namba peke yake, amekwama. Huenda mwalimu wake akairudisha kazi. Pengine akaambiwa ameiba maneno ya watu, na katika chuo hilo ni kosa kubwa. Lakini iko hasara nyingine iliyo karibu zaidi. Tuseme kijiji kinataka kuikata ngitili yake kwa ajili ya mkaa, naye mama asimama barazani kuitetea. Mzee mmoja atamwuliza, “Mama, habari hizi umezipata wapi?” Akishindwa kujibu, maneno yake yataanguka hata kama ni ya kweli, na miti itaanguka pamoja nayo.

Basi andikeni sasa. Kila usomapo kitabu, andika mambo matano: jina la mwandishi, mwaka, jina la kitabu, aliyekichapa, na ukurasa ulioutumia. Mfano: Cory, Hans, mwaka 1953, Sukuma Law and Custom, Oxford University Press, kisha namba ya ukurasa. Hicho ni kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Ikiwa habari umepewa na mzee, omba ruhusa yake, kisha andika jina lake, kijiji chake na tarehe mliyozungumza. Mzee naye ni mwenye mali.

(Mwalimu wa darasa aandike mambo hayo matano ubaoni, kisha asubiri.)

Haya, tuje kwenye kompyuta. Mwanafunzi wa chuo ahitaji programu mbili. Moja ni ya kuandikia. Ya pili ni ya kutunza marejeo. Hiyo ni sawa na sanduku la kadi, ambalo ndani yake kila kitabu kina kadi yake.

Kwa kuandikia, wengi wanaijua Word ya kampuni ya Microsoft. Ni nzuri, lakini huuzwa. Wengine huchukua nakala ya wizi huko mitaani. Nawaonya: nakala ya wizi aghalabu huja na virusi, na virusi vyaweza kula kazi yako ya mwaka mzima. Iko LibreOffice, iliyotolewa tangu mwaka 2010, nayo ni bure kwa halali. Ilitokana na OpenOffice, ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitia Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Iko tena LaTeX. Hii hupendwa na watu wa hesabu na fizikia, maana hupanga hesabu ndefu vizuri sana. Lakini wewe huandika amri, nayo ndiyo hupanga ukurasa. Kama kazi yako haina hesabu nyingi, usijitwike mzigo huo.

Kwa kutunza marejeo ziko EndNote, Mendeley na Zotero. EndNote hununuliwa. Mendeley yaweza kutumiwa bila malipo, nayo ilinunuliwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2013. Zotero ilitoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, huko Marekani. Ni bure, na hufanya kazi pamoja na Word na LibreOffice. Unapoandika, wabonyeza kitufe, wachagua kadi ya Cory, nayo huweka jina na mwaka mahali pake. Mwisho wa kazi hupanga orodha yote yenyewe. Mwalimu akitaka orodha ipangwe kwa mtindo mwingine, wabadili mara moja tu.

Utachaguaje? Jiulize maswali manne. La kwanza: ni bei gani, leo na mwakani? La pili: itafanya kazi bando likiisha? Zotero na LibreOffice ukiziweka katika kompyuta yako, zafanya kazi bila mtandao. La tatu: nikitaka kuhama, nitatoka na kadi zangu? Usiweke mali katika ghala ambalo huwezi kuifungua milango yake. La nne: mwalimu anayenisimamia anatumia nini? Maana mtapelekeana kazi mara nyingi, na yafaa ifunguke kwenu nyote wawili.

Mimi, kwa mwanafunzi asiye na fedha nyingi, namshauri aanze na LibreOffice na Zotero. Mwenye Word halali aweza kubaki nayo, akaongeza Zotero.

Hata hivyo programu ni mtumishi tu. Huyo Hans Cory niliyemtaja alizaliwa akiitwa Koritschoner, na maandishi yake ya mwaka 1936 yana jina hilo la zamani. Programu itafikiri kwamba hao ni watu wawili. Wewe ndiwe wa kujua kwamba ni mmoja. Kwa hiyo kila kadi ikaguliwe kwa macho: jina, mwaka, herufi kwa herufi.

Tena siku hizi ziko programu za akili bandia zinazojibu maswali kama mtu. Ukiziomba marejeo, pengine hukupa jina la kitabu ambacho hakikuandikwa na mtu yeyote, nazo husema kwa uhakika kabisa. Usiandike kitabu ambacho wewe mwenyewe hukukifungua.

Jambo la mwisho ni nakala. Umeme hukatika, na kompyuta huibwa. Flashi iliyopita katika kompyuta za steshenari huweza kurudi na virusi. Basi weka kazi yako mahali patatu: katika kompyuta, katika flashi inayokaa nyumbani, na katika mtandao. Zotero hutoa nafasi ya bure ya megabaiti 300 huko mtandaoni kwa kutunzia mafaili. Fanya hivyo kila Jumamosi, kama mtu afungavyo zizi jioni bila kukumbushwa.

Ndugu zangu, asiye na kompyuta asivunjike moyo. Aliyezoea kuandika mambo matano katika daftari, siku akipata kompyuta atajifunza programu hizi bila taabu. Asiyezoea, hata akinunuliwa kompyuta ya bei kubwa, atajaza mifuko isiyo na alama.

Kazi ya darasa kabla ya somo lijalo:

1. Tafuteni kitabu kimoja kijijini, mwandike mambo matano juu yake.
2. Kila mmoja amwulize mzee mmoja habari za ngitili au za machimbo ya zamani. Aandike jina lake kwa ruhusa yake, kijiji na tarehe.
3. Jadilianeni: wazee wawili wakitoa habari zisizolingana, tutaandikaje ili kila mmoja abaki na maneno yake?

Someni majibu yenu kwa sauti mbele ya wenzenu, na anayesikiliza awe na haki ya kuuliza, “Umeyapata wapi?” Msimkasirikie. Kwaherini, tukutane katika somo lijalo.