KIFAFA CHA WATOTO KASKAZINI MWA UGANDA



Vita vya kundi la Lord's Resistance Army huko kaskazini mwa Uganda viliwafanya wananchi wengi waishi kambini kwa miaka mingi. Bunduki ziliponyamaza mwaka 2006, na watu wakaanza kurejea vijijini mwao, wazazi wa wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo walikuwa na adui mwingine ndani ya nyumba. Mtoto aliyezaliwa mzima na kukua vizuri, akiwekewa chakula, kichwa huanza kuinamia kifuani na kuinuka, tena na tena, mara tano hadi ishirini kwa dakika. Baadaye wengi wao walipatwa na kifafa cha kuanguka. Akili ilizorota, mwili ukakonda, shule ikaachwa.

Palipo na maafa yasiyo na maelezo, uvumi hauchelewi. Walikuwapo waliosema ni sumu ya mabomu, wengine wakalaumu chakula cha msaada, na wengine wakasema ni mizimu ya waliouawa vitani bila kuzikwa. Wazazi waliokuwa wakienda shamba waliwafunga watoto wao kamba kwenye miti wasije wakaangukia motoni au kupotea porini. Aliyewaona kwa mbali aliweza kudhani ni ukatili. Haukuwa ukatili, walikuwa wamekosa msaada.

Uchunguzi ulioanza mwaka 2009 ulitumia kipimo cha umeme wa ubongo. Kipimo hicho kilionyesha kwamba kule kuinamisha kichwa kwenyewe ni kifafa: misuli ya shingo hulegea ghafla kwa sababu umeme wa ubongo umevurugika. Hilo halikuwa jambo dogo, kwa kuwa kifafa kina dawa. Mwaka 2012 Serikali ya Uganda ilifungua vituo vya matibabu katika wilaya hizo, na watoto wakapewa valproati ya sodiamu pamoja na lishe. Dawa haikuwaponya kabisa, lakini wengi walipunguziwa kifafa, na baadhi yao wakarudi darasani.

Mwaka huohuo vita vilihamia mtoni. Ilikwisha kuonekana kwamba ugonjwa huo hufuata maeneo yenye usubi, ule unaoletwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Jinsi minyoo ya usubi inavyodhuru ubongo bado ni suala la utafiti. Hata hivyo haikungojwa hadi kila swali lijibiwe: dawa ya ivamektini ilianza kugawiwa mara mbili kwa mwaka, na viluwiluwi vya inzi vikauawa mitoni. Wagonjwa wapya walipungua mno. Katika Sudan Kusini, wananchi wa Maridi walianza mwaka 2019 kufyeka majani kwenye njia ya maji ya bwawa lao, mahali inzi hao walipokuwa wakizaliana. Silaha yao ilikuwa panga.

Tanzania haiwezi kuyatazama hayo kama mambo ya ugenini. Huko Mahenge, Dakta Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miongoni mwao aliwaona watoto wenye kuinamisha kichwa vilevile. Aliwakuta wengine na makovu makubwa ya moto. Walianguka jikoni, na watu wakaogopa kuwagusa kwa kudhani kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana.

Askari wa doria au wa kituo cha polisi mara nyingi ndiye wa kwanza kufika. Mtoto aliyeanguka alazwe ubavu, aondolewe karibu na moto na maji, asikabwe, wala asitiwe kijiko mdomoni. Saa itazamwe: kifafa kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali upesi. Mtoto mdogo mwenye homa huweza kupata degedege la malaria au la homa ya uti wa mgongo. Huyo naye ni wa hospitali siku hiyohiyo, maana matibabu yake ni mengine.

Kwa mganga, maelezo ya aliyeona huwa na thamani kuliko mashine. Kilianza upande gani, macho yalielekea wapi, kilichukua muda gani, kimewahi kutokea tena bila homa? Askari aliyezoea kuandika maelezo ya shahidi anaijua kazi hiyo. Na mtoto akishaandikiwa dawa, hupaswa kuzimeza kila siku. Kuziacha ghafla huweza kuleta kifafa kikali kisichokatika. Kwa hiyo familia inapohamishwa, kwa amri ya uhamisho au kwa dharura ya mafuriko, chupa ya dawa na kadi ya kliniki hutiwa mfukoni kabla ya vyombo.