Kuanza kwa Kuchelewa: Maisha ya Awali ya Wachezaji Warefu wa Afrika katika Mpira wa Kikapu

Mchezaji wa Kimarekani anayefika ligi ya NBA kwa kawaida ameanza kudunda mpira akiwa shule ya msingi, na anapofika chuo kikuu amekwisha kuwa na miaka kumi au zaidi ya mazoezi. Wachezaji warefu waliotoka Afrika hawakuwa na historia hiyo. Hakeem Olajuwon, Hasheem Thabeet na Joel Embiid walianza kikapu wakiwa na umri wa miaka 15 hivi. Dikembe Mutombo alicheza kandanda kabla ya kufikiria kikapu, na Manute Bol alikuwa kijana mkubwa mchungaji wa ng'ombe. Urefu wote walikuwa nao, kwa hiyo hauwezi kueleza kwa nini safari zao zilitofautiana. Mambo mawili yanaeleza zaidi: michezo waliyoicheza kabla ya kikapu, na watu waliowapokea katika miaka ya kwanza baada ya kuondoka nyumbani.

Olajuwon: golikipa wa Lagos

Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, tarehe 21 Januari 1963, katika familia ya Kiyoruba iliyofanya biashara ya saruji. Alisoma katika Chuo cha Ualimu cha Waislamu jijini humo. Michezo yake ilikuwa kandanda, ambako alisimama golini, na mpira wa mikono. Kikapu kilimjia kwa bahati, pale timu ya shule ilipohitaji mtu mrefu kwa ajili ya mashindano. Kocha Ganiyu Otenigbade ndiye aliyemfundisha mambo ya mwanzo, na kocha wa Kimarekani Christopher Pond, aliyemwona akicheza, akampigia debe katika Chuo Kikuu cha Houston.

Olajuwon aliwasili Texas mwaka 1980. Chuo hakikumtarajia sana: husimuliwa kwamba hakuna aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege, na alichukua teksi mwenyewe hadi chuoni. Msimu wa kwanza hakucheza kabisa, alifanya mazoezi tu. Msimu wa pili, 1981–82, alikuwa na wastani wa pointi 8.3 kwa mchezo, takwimu za mchezaji wa akiba.

Lililombadilisha lilitokea nje ya chuo. Katika jiji la Houston kuna ukumbi wa michezo wa umma uitwao Fonde, ambao wakati wa likizo ya kiangazi ulijaa wachezaji wa kulipwa waliokuja kujinoa. Mmoja wao alikuwa Moses Malone wa Houston Rockets, ambaye wakati huo hapakuwa na mchezaji wa kati aliyemzidi kwa kugombea ribaundi. Malone hakumwonea huruma kijana wa Lagos. Alimsukuma, akambana chini ya goli, akamwachia apambane mwenyewe. Mwanafunzi mwingine angetafuta ukumbi wenye watu wapole zaidi. Olajuwon alirudi siku baada ya siku, na msimu wa 1982–83 wastani wake ukapanda hadi pointi 13.9, ribaundi 11.4 na mitupo 5.1 iliyozuiwa.

Houston ilifika nne bora za vyuo mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, bila kutwaa ubingwa hata mara moja. Fainali ya 1983 dhidi ya North Carolina State ilipotea kwa pointi 54 kwa 52, kikapu cha mwisho kikitumbukizwa muda ukiisha. Hata hivyo Olajuwon ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano hayo, heshima ambayo ni nadra kumfikia mtu wa timu iliyoshindwa.

Mwaka 1984 Rockets walimchagua wa kwanza kabisa katika drafti, uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya wa NBA. Michael Jordan alichaguliwa wa tatu na Charles Barkley wa tano. Kwa kawaida timu iliyomwacha Jordan hulaumiwa mpaka leo, lakini lawama hizo huwaangukia Portland, waliochagua wa pili. Houston hakuna anayewauliza. Msimu wake wa kwanza Olajuwon alifunga wastani wa pointi 20.6, na mwaka 1986 timu ikacheza fainali dhidi ya Boston. Mataji yalikuja 1994 na 1995.

Mitupo 3,830 aliyoizuia ni rekodi ya NBA ambayo haijavunjwa, na ni rahisi kuona mikono ya golikipa ndani yake. Miguu nayo ilitoka kandanda. Hila yake maarufu ya kuyumba bega upande mmoja, kugeuka upande wa pili, kisha kurudi tena kabla beki hajakaa sawa, mwenyewe aliihusisha na chenga alizojifunza akiwa mtoto. Mchezaji aliyekulia ndani ya kikapu peke yake hufundishwa mapema kwamba mtu mrefu asimame karibu na goli na asihangaike na miguu. Olajuwon hakufundishwa hivyo kwa sababu hakuwepo.

Mutombo: mwanafunzi wa udaktari

Safari ya Dikembe Mutombo ilianzia darasani. Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, baba yake akiwa mtu wa elimu, akasoma shule ya Boboto. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 21, alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mjini Washington kwa ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, nia yake ikiwa kuwa daktari. Kiingereza alikijua kidogo sana, ingawa alizungumza Kifaransa na lugha kadhaa za Kongo, na mwaka wa kwanza ulikwenda katika kujifunza lugha hiyo.

Kocha John Thompson, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa kati enzi zake, hakuwa mtu wa kumwona mwanafunzi wa sentimita 218 akipita na vitabu kisha akanyamaza. Alimwalika kikosini, naye akaanza kucheza msimu wa 1988–89. Katika mchezo mmoja dhidi ya St. John's mwaka 1989 alizuia mitupo 12. Ndoto ya udaktari iliachwa. Alihitimu 1991 katika isimu na diplomasia.

Denver Nuggets walimchagua wa nne mwaka huo huo. Alikuwa amefikisha miaka 25, umri ambao wachezaji wengi wa NBA wana misimu mitatu au minne mgongoni, na pengine ndiyo maana hakuhitaji muda wa kuzoea. Msimu wa kwanza alipata pointi 16.6 na ribaundi 12.3 kwa mchezo, na akaitwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi. Mwaka 1994 Denver, walioingia hatua ya mtoano katika nafasi ya nane na ya mwisho, waliwatoa Seattle, vinara wa kanda, kwa michezo mitatu kwa miwili. Mutombo alizuia mitupo 31 katika michezo hiyo mitano. Kipenga cha mwisho kilipolia alikuwa chali sakafuni, ameinua mpira juu kwa mikono yote miwili na kucheka kama mtoto. Picha hiyo imetumika mara nyingi kuliko picha yoyote ya kikapu alichofunga.

Alistaafu mwaka 2009 akiwa na tuzo nne za mlinzi bora. Azma ya utabibu ilirudi kwa mlango mwingine: hospitali aliyoijenga Kinshasa, yenye jina la mama yake Biamba Marie Mutombo, ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Alifariki dunia tarehe 30 Septemba 2024.

Bol na umri usiojulikana

Manute Bol, Mdinka wa Turalei katika Sudan Kusini ya leo, ni mfano wa kipaji kilichopokelewa na watu wasiojua wakifanyie nini. Alichunga mifugo ya ukoo. Kikapu alikianza mwishoni mwa miaka ya 1970 mjini Wau, kisha Khartoum, ambako kocha wa Kimarekani Don Feeley alimkuta akiwa na urefu wa sentimita 231. Tarehe yake ya kuzaliwa, inayoandikwa Oktoba 1962, ilipangwa kwa ajili ya hati tu, na umri wake halisi umebaki kubishaniwa.

Mwaka 1983 San Diego Clippers walimchagua, lakini ligi ikabatilisha. Kiingereza chake hakikutosha kumwingiza chuo kikubwa, hivyo akacheza msimu mmoja Bridgeport, chuo cha daraja la pili huko Connecticut, na baadaye kidogo katika ligi ndogo ya kulipwa. Washington Bullets walimchukua 1985. Katika msimu wa kwanza alizuia mitupo 397, idadi ambayo hakuna mchezaji mpya aliyeifikia kabla wala baada yake. Ni mchezaji pekee wa NBA aliyemaliza miaka yake na mitupo mingi aliyoizuia kuliko pointi alizofunga: 2,086 kwa 1,599. Takwimu hiyo huchekesha, lakini pia inaonyesha kwamba hakuna aliyepata muda wa kumfundisha nusu ya pili ya mchezo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kazi aliyoweza kuifanya bila mafunzo.

Thabeet: nafasi ya pili

Kwa wasomaji wa Tanzania, jina la Hasheem Thabeet huja na swali la kwa nini hakudumu. Majibu yanayotolewa barazani, kwamba alikuwa mvivu au alilewa fedha, hayasaidii. Mpangilio wa miaka yake ya mwanzo unaeleza zaidi.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake, msanifu majengo, alifariki mwanawe akiwa bado kijana mdogo. Kikapu alikianza akiwa na miaka kama 15, akasoma shule ya Makongo, na kwa kupitia Nairobi akapata njia ya kwenda Marekani. Huko alihama shule zaidi ya mara moja, California na Mississippi, kabla ya kuhitimu Cypress Christian mjini Houston mwaka 2006. Kijana ambaye hajatimiza miaka mitano katika mchezo alipata makocha wapya kila alipohama, kila mmoja akiwa na njia yake.

Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya Jim Calhoun, kilimpa utulivu wa kwanza. Miaka mitatu hapo ilimgeuza kuwa mlinzi aliyeogopwa nchi nzima, akiwa na mitupo 417 aliyoizuia. Tarehe 31 Januari 2009 dhidi ya Providence alimaliza mchezo na pointi 15, ribaundi 11 na mitupo 10 aliyoizuia. Msimu huo Connecticut ilifika nne bora, na wastani wake ulikuwa pointi 13.6 na ribaundi 10.8.

Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Memphis tayari ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi hiyo hiyo ya mchezaji wa kati, na Zach Randolph alijiunga mwaka huo huo. Dakika za uwanjani zikawa chache, kama 13 kwa mchezo. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo, akiwa mchezaji wa nafasi ya juu zaidi katika drafti kuwahi kushushwa huko hadi wakati huo. Mwaka uliofuata aliuzwa Houston, halafu Portland, kisha Oklahoma City hadi 2014. Baadaye alicheza Japani na Taiwan.

Katika miaka ya mwanzo Olajuwon alibaki jiji moja tangu kushuka kwenye teksi, na Mutombo aliruhusiwa kukaa Georgetown hadi miaka 25. Thabeet alichaguliwa wa pili akiwa na miaka 22, na timu inayomchagua mtu nafasi ya pili haina subira ya kumfundisha jinsi ya kupokea mpira akiwa amebanwa mgongoni. Kama angechaguliwa wa ishirini na timu isiyo na mchezaji wa kati, pengine angedumu zaidi. Hata hivyo, yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Njia zilizofuata

Bismack Biyombo, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1992, alionwa na kocha wa Kireno Mario Palma akicheza mashindano ya vijana nchini Yemen, akapelekwa Fuenlabrada, Hispania. Alifika NBA mwaka 2011 kupitia ligi ya Kihispania bila kupita chuo cha Marekani. Embiid, aliyezaliwa Yaoundé mwaka 1994, alicheza mpira wa wavu kwanza, na akaonwa katika kambi ya mwaka 2011 ya Luc Mbah a Moute, Mkameruni mwenzake aliyekuwa tayari NBA. Alijifunza miondoko kwa kutazama kanda za Olajuwon, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Bol naye, wakati wa mapumziko nchini Misri, aliwafundisha watoto wa wakimbizi wa Sudan akiwemo Luol Deng, aliyeingia NBA mwaka 2004 na baadaye akaongoza shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini.

Kambi kama ile ya Mbah a Moute sasa zimeongezewa taasisi za kudumu. NBA ina akademia Saly, Senegal, na ligi ya klabu za Afrika, BAL, ilianza Kigali mwaka 2021. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akakulia Uganda kama mkimbizi, na kikapu alikianza akiwa na miaka 13 hivi. Alipita Saly, akacheza BAL na City Oilers ya Kampala, na akawa kwenye kikosi cha Sudan Kusini cha Olimpiki ya Paris 2024 kabla hajatimiza miaka 18. Baada ya mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Duke, alichaguliwa wa kumi katika drafti ya 2025 na kuishia Phoenix. Kutoka kushika mpira hadi drafti ilimchukua miaka kama sita, karibu sawa na Olajuwon, ila yeye alikuwa na kocha wa kumsubiri karibu kila alipofika.