Mvua Ikinyesha, Panya Huzaa

Leo tuzungumze kuhusu panya wa shambani.

Panya jike wa aina hii ana chuchu hadi 24. Hubeba mimba siku 23 hivi, kisha huzaa watoto kama 11 kwa mara moja! Lakini hazai ovyo. Huku kwetu karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hivyo yeye hufuata mvua. Nyasi changa zikichipuka, mwili wake hujiandaa kuzaa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, Tanzania, wamewafuatilia panya hawa kwa miaka mingi. Waliona kwamba mvua ya vuli ikiwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema, na wale watoto nao huwahi kuzaa masika ifikapo. Hapo ndipo panya hufurika. Basi mama, vuli ikizidi, usingoje kuona mavi ya panya kwenye unga.

Fyeka nyasi kuzunguka nyumba zinapochipuka tu, kabla hazijatoa mbegu. Gunia la mahindi ulilonunua sokoni liweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Omena zikae kwenye mkebe wenye kifuniko, na mtungi wa maji ufunikwe pia. Tega mtego. Ile sumu inayouzwa kwa vipakiti visivyo na maandishi, mimi siipendi hata kidogo: mtoto anayetambaa hajui kama ni sumu au chakula.

Kwa nini tunasisitiza? Mkojo wa panya huchafua maji na matope, na vijidudu vyake huingia mwilini kupitia kidonda au macho. Ugonjwa huo, leptospirosisi, ulizuka Bungoma mwaka 2004. Dalili zake ni homa ya ghafla, kuumwa na kichwa, misuli ya miguu kuuma na macho kuwa mekundu. Ni rahisi kudhani ni malaria.

Mtoto akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya apimwe. Damu isipoonyesha malaria, usirudi nyumbani kimya. Mwambie daktari kwamba mna panya nyumbani, au kwamba mtoto alicheza kwenye maji ya mafuriko. Dawa za ugonjwa huu zipo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema.