Miguu Kwanza, Ngumi Baadaye



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo. Nitasema habari za kusimama tu.

Septemba 1998, nikiwa Kidato cha Tatu, redio ilitangaza kwamba Michael Yombayomba ametwaa medali ya dhahabu ya ngumi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Kuala Lumpur. Titus Simba alikuwa amepata ya fedha huko Edinburgh mwaka 1970. Basi bweni zima likataka kuwa mabondia, nami nikiwamo. Mafunzo ya kusimama niliyaona ya kitoto, nikayakwepa.

Pambano langu la kwanza lilikuwa Mwanga, baba akitazama. Mpinzani alinigusa kwa ngumi nyepesi ya kushoto, nikaanguka chali. Watu walicheka sana. Haikuwa nguvu yake. Miguu yangu ilikuwa imebanana na magoti yamekakamaa.

Baba alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi, na kwa kweli kazi yake nilikuwa nikiionea haya mbele ya wenzangu. Usiku ule hakunicheka. Aliniuliza, "Mwanangu, mtumbwini wakati wa mawimbi unasimamaje?" Nikasimama kumwonyesha: miguu imeachana, magoti yamelegea. Akanisukuma bega. Sikuanguka.

Kesho yake nilirudi kwa mwalimu wa michezo, nikaomba radhi. Alinifundisha upya. Mguu wa kushoto utangulie, wa kulia ubaki nyuma na kando kidogo, nafasi kati yao ikaribie upana wa mabega. Kisigino cha nyuma kiinuke kidogo. Kidevu kiinamishwe, viwiko vikinge mbavu, mkono wa kulia ukae karibu na shavu, wa kushoto mbele yake. Ukienda mbele, mguu wa mbele ndio uanze, ukirudi, wa nyuma, wala usiipishanishe. Anayetumia mkono wa kushoto hugeuza yote. Wiki tatu nzima sikuvaa glavu!

Mwaka uliofuata nilishindwa kwa pointi, lakini raundi zote tatu nilimaliza nikiwa wima. Baba alikuja na wavuvi wenzake, wangali wananuka dagaa, nikawaita waje wakae mbele na walimu.

Asubuhi hii nimemkabidhi mwalimu wa michezo jozi mbili za glavu. Nimemwomba asizitoe kabatini mpaka wiki ya nne.