Kuwa Macho na Nafsi: Mafundisho ya Buddha Katika Shughuli za Kila Siku

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Nachingwea na Ruangwa katika maadhimisho ya hekalu)



Huenda baadhi yenu mnashangaa kuona kwamba katika sikukuu ya mandir nimechagua kumzungumzia Buddha. Wahindu wengi tunamhesabu kuwa avatari wa tisa wa Vishnu, na mafundisho yake hayako mbali na Bhagavad Gita, ambayo katika sura ya pili inaonya kuwa tamaa huzaa hasira, na hasira hupoteza busara. Gita inatuonyesha ngazi ambayo mtu huporomoka. Buddha alifundisha kwa undani namna ya kujishika kwenye kipandio cha kwanza.

Namna hiyo kwa Kipali huitwa sati, neno lenye asili moja na smriti la Kisanskriti, yaani kukumbuka: kukumbuka kuitazama nafsi wakati jambo linapotokea, si baadaye majuto yanapofika. Wahenga wamesema, hasira hasara. Methali hiyo inatutajia bei. Haitufundishi jinsi ya kukataa kununua.

Hasira hufika mwilini kabla ya kufika ulimini. Moyo hudunda, taya hukaza, uso hupata joto. Aliye macho huyatambua hayo, husema moyoni, "Hii ni hasira," kisha hufuata pumzi chache ziingiazo na kutoka. Hapigani nayo, wala haitii. Huiona ikiinuka, ikikaa, ikipita. Ndipo hujibu.

Buddha alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mishale miwili: wa kwanza ni maumivu yenyewe, wa pili ni yale tunayojiongezea. Sisi tunaujua mfano huu. Agosti 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha uagizaji, na bei ikaanguka. Huo ulikuwa mshale wa kwanza. Hakuna tafakuri ambayo ingeuzuia. Mshale wa pili ni pale mkulima anapomwita kila mfanyabiashara mwizi, mfanyabiashara anapomdharau mkulima, na baba anaporudi nyumbani na kuwamalizia hasira mkewe na watoto. Bei ya mbaazi ilikuja kupanda tena; neno lililotamkwa kwenye mizani halirudi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watawa. Hapana. S. N. Goenka alizaliwa mwaka 1924 huko Mandalay, Burma, katika familia ya Kihindu yenye asili ya India. Alikuwa mfanyabiashara tajiri aliyeteswa na kipandauso. Mwaka 1955 alijifunza tafakuri ya vipassana kwa U Ba Khin, ambaye naye hakuwa mtawa, bali mhasibu mkuu wa serikali. Baadaye viwanda vya Goenka vilitaifishwa. Wazee wetu walioona majengo yakitaifishwa hapa nchini mwaka 1971 wanaelewa uzito wa jambo hilo. Mwaka 1969 alikwenda India, akaanza kufundisha watu wa dini zote, na hakuacha hadi uzee wake.

Hata hivyo, ndugu zangu, tujihadhari. Utulivu si kunyamazia dhuluma. Mkulima aliyepunjwa ana haki ya kulalamika, na sisi tulioshika mizani hatuna haki ya kumwambia avute pumzi. Aliye macho hujiuliza kwanza: je, hasira ya huyu ina sababu, na sababu hiyo ni mimi? Ikiwa ni mimi, dawa yake ni kurekebisha mizani, si kufumba macho na kutafakari.

Basi nawaomba jambo dogo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka au kwenda shambani, tukae dakika kumi tukiitazama pumzi yetu. Msimu wa korosho unapofika, minada ikipanda na kushuka na simu zikilia bila kukoma, zoezi hilo litakuwa limekwisha kuzoeleka. Hekalu letu limejengwa kwa matofali na michango. Amani ya mji wetu hujengwa kwa maneno tunayoyazuia kwa wakati wake, na kwa haki tunayoitenda kwa wakati wake.

Om shanti, shanti, shanti.