Mali bila Daftari Hupotea bila Habari
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Miaka kumi tumeweka hisa kila Jumamosi, na daftari ndilo lililotulinda. Mama asipokuja, mstari wake unabaki wazi, na jioni hiyohiyo wawili wetu wanamfuata nyumbani kujua kuna nini. Leo tunaomba kusema habari ya daftari jingine, la watoto wetu.

Kupima watoto vijijini si jambo geni nchini. Mwaka 1983 Iringa ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168, kwa msaada wa UNICEF, WHO na Italia. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito, na matokeo yalisomwa kwenye kamati ya kijiji palepale. Kamati iliuliza: huyu amepungua kwa nini, na sisi tufanye nini? Utapiamlo mkali ulipungua. Mzani haushibishi mtoto, jamani. Lile swali ndilo lililosaidia.

Siku hizi tunayo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila miezi mitatu. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5 kwenye utepe, hiyo ni nyekundu, apelekwe kituo cha afya haraka. Halmashauri nazo zimeagizwa kutenga Sh. 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Tunashukuru.

Lakini tukiambiwa karibu wote wako kijani, tunauliza: wote wepi? Ni wale walioletwa. Mama anayeponda mawe machimboni, au aliye mwaloni tangu alfajiri akichenjua, hakuja. Familia iliyofika juzi kufuata dhahabu haimo hata kwenye orodha ya kitongoji. Huenda mtoto wao ndiye anayeshinda na michembe mitupu.

Tena utepe unaona kukonda tu. Udumavu unataka kupima urefu na kujua umri. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wamedumaa, na wengi wao ukiwatazama unadhani ni wazima.

Kwa hiyo tumeazimia hivi. Kwanza, kila mwanachama ataandika watoto wote wa kaya kumi za jirani, wenyeji na wageni. Pili, siku ya kupima tutahesabu kwanza wasiofika, tuwafuate hata mwaloni. Tatu, mfuko wetu wa jamii utanunua karanga na dagaa za uji kwa watoto walio njano.

Na kwako mgeni rasmi tuna ombi moja: matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, bila kutaja jina la mtoto, pamoja na fedha ya lishe ilivyotumika.

Shilingi yetu haikupotea kwa sababu ina mstari wake. Mtoto naye apewe wake.