Hasara ya Kampuni Inapimwa Hadi Dola, Faida ya Kijiji Inapimwa kwa Picha

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa chama na wanafunzi wa vyuo wa Nachingwea na Ruangwa waliorudi nyumbani likizo. Nimeiandika kama nilivyoongea, ili na wale waliokosa nauli ya kufika waisome.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ameshika saa mkononi.

Mimi nasoma sheria, mwaka wa tatu. Nimeombwa niongee na wenzangu mnaosoma uhasibu, masoko, ugavi na utawala wa biashara. Mtajiuliza, huyu wa vifungu anakuja kutufundisha nini sisi watu wa hesabu? Jamani, nimekuja kuwaomba kazi, na kazi yenyewe ni kupima.

Kupima faida mnajua. Mkipewa vitabu vya kampuni, jioni mnatuambia imepata kiasi gani na imepoteza wapi. Sasa nikiuliza hivi: kampuni hii imewafanyia nini watu wanaoishi kando ya uzio wake? Hapo wengi tunajibu kwa picha. Utepe mwekundu, mkasi, mgeni rasmi anatabasamu, madawati yamepangwa nyuma yake. Chini wameandika kampuni imerudisha kwa jamii. Tunaisambaza kwenye magrupu, wengine tunasifia, wengine tunatukana. Hakuna aliyepima.

Na hapa Nachingwea tungekuwa wa kwanza kulijua somo hili, maana limefanyika juu ya ardhi yetu. Wazee hapa wanaukumbuka mradi wa karanga, au walisimuliwa na wazazi wao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilitangaza italima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni 3, kwa pauni milioni 25. Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka pwani mpaka hapa, bandari ya Mtwara ikajengwa. Ukihesabu vyuma, mradi ulikuwa unakwenda vizuri sana. Ukihesabu karanga, hakuna kitu. Mwaka 1951 wakaufuta, na walipa kodi wa Uingereza wakabebeshwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Reli yenyewe baadaye iling'olewa.

Walikuwa na wahasibu, tena wazuri. Walipima kilichoingia shambani, hawakupima vya kutosha kilichotoka. Na ambacho hakikuwa na safu kabisa kwenye daftari ni maisha ya mtu wa Nachingwea: alipata nini, alipoteza nini, nani alimuuliza.

Mtasema hiyo ni ya wakoloni, dada, tuletee ya sasa. Haya. Nachingwea hii hii kuna mradi wa nikeli, Ntaka Hill. Serikali ilipobadilisha sheria ya madini mwaka 2017, aina ya leseni waliyokuwa nayo wawekezaji ilifutwa. Wakaenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia kule Washington. Julai 2023 baraza likaamua Tanzania iwalipe zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata pande mbili zikakubaliana dola milioni 90. Kwa hiyo jina la wilaya yetu sasa linasomwa na wanafunzi wa sheria dunia nzima, kwa sababu mmoja wa wadai ni kampuni iliyosajiliwa Uingereza kwa jina la Nachingwea.

Sisemi leo nani alikuwa na haki kwenye kesi ile. Nasema kuhusu kipimo. Hasara ya mwekezaji ilipimwa na wataalamu, ikabishaniwa, ikatoka namba. Mkataba uliotumika unampa mwekezaji mlango wa kushitaki. Mwanakijiji wa Nachingwea hana mlango kwenye baraza lile. Mwenye namba alisikilizwa. Sisi tulikuwa na nini mkononi? Malalamiko.

Sasa njoo Ruangwa. Ruangwa kuna kinywe, madini yanayotakiwa na viwanda vya betri duniani. Aprili 2023 serikali ilisaini mikataba na kampuni tatu za Australia, na mmoja wa miradi hiyo ni Chilalo, Ruangwa. Kwa sheria yetu serikali inachukua hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye kampuni ya uchimbaji wa namna hiyo. Kwa hiyo ukimuuliza mchimbaji maswali, usijione mchokozi. Serikali imeshika hisa zile kwa niaba yako. Unauliza mali yako.

Na sheria imetupa zaidi ya hapo. Sheria ya Madini, kifungu cha 105, kilichowekwa na marekebisho ya 2017, inasema mwenye leseni lazima kila mwaka aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii, zile tunazoita pesa za CSR. Mpango unakubaliwa pamoja na halmashauri. Unatakiwa ufuate vipaumbele vya jamii yenyewe. Na halmashauri ina wajibu wa kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Sikilizeni vizuri: kwa mchimba madini, CSR imeshatoka kwenye hisani. Ni wajibu wa kisheria. Hisani unaishukuru. Wajibu unaukagua.

Ila sheria haina mikono. Inahitaji mtu mwenye daftari. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mtu wa biashara anaanzia wapi? Kuna mwanazuoni wa Marekani, Donna Wood. Mwaka 1991 aliandika kwamba ukitaka kujua utendaji wa kampuni kwa jamii, angalia vitu vitatu: inaongozwa na kanuni zipi, inafuata utaratibu gani, na matokeo ni yapi. Mimi nimeitafsiri kwa lugha ya kijiweni. Moja, waliahidi nini? Mbili, walimuuliza nani? Tatu, nini kimebadilika, na kwa nani? Picha ya utepe haijibu hata swali moja kati ya hayo.

Nitawapa mfano nilioufanya mwenyewe, na mfano huu unatuuma sisi pia. Kijiji sitakitaja, kampuni sitaitaja, kiongozi wetu naye sitamtaja. Nia yangu si kumchafua mtu.

Likizo iliyopita tulikuwa na mkutano wa hadhara kwenye kijiji kimoja cha huku kusini. Kampuni moja ilikuwa imechimba kisima pale na kuweka bango kwamba kijiji kizima kimepata maji. Msemaji wetu akapanda jukwaani akasema kile kisima ni geresha, hakitoi hata tone. Watu wakashangilia. Mimi nilishangilia nikasimama kabisa.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshangilia kitu ambacho sikukiona. Basi mimi na wenzangu wawili, mmoja wa uhasibu na mmoja wa ugavi, tukarudi siku ya Alhamisi na daftari la mia tano. Tukakaa kisimani kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Kila aliyekuja tuliandika anatoka kitongoji gani, amebeba ndoo ngapi, amesubiri muda gani, amelipa kiasi gani. Majina hatukuandika.

Maji yalikuwa yanatoka. Safi kabisa, nimeyanywa. Chama changu kilikuwa kimesema uongo jukwaani, na mimi niliupigia makofi.

Lakini jioni tulipopanga karatasi tukaona jambo. Kuna kitongoji kimoja cha mbali hakikuleta mtu hata mmoja siku nzima. Kesho yake tukaenda huko. Mama mmoja alikuwa anapukuchua mahindi, akatukaribisha mkekani. Nikamuuliza, mama, kwa nini hamuendi kisimani? Akanijibu, "Mwanangu, maji najua yapo. Pale ndoo ni shilingi mia, na humu ndani tuko saba." Yeye anachota shimoni bondeni, anatoka kabla ya adhana. Nikamuuliza, mliulizwa kisima kiwekwe wapi? Akasema, "Tuliitwa kupokea."

Tuliitwa kupokea. Makamanda, kama mtaondoka hapa na kitu kimoja, ondokeni na hicho. Nenda kwenye maswali yetu matatu. Ahadi: maji kwa kijiji kizima. Aliyeulizwa: hakuna kule kitongojini. Kilichobadilika: waliokuwa karibu na wenye mia wamepata nafuu, waliokuwa mbali bado wako shimoni. Bango lilikosea, na sisi tulikosea. Daftari peke yake ndilo lilisema kweli.

Nilimpelekea yule msemaji karatasi zetu. Nikamwambia, kaka, hukupima. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akanipigia, akasema twende wote. Tukaomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tukasoma namba bila kutukana mtu. Bei ya ndoo ikajadiliwa siku hiyo hiyo na ikashuka. Bomba la kupeleka maji kitongojini mpaka leo halijawekwa, na daftari letu bado liko wazi.

Kwa hiyo ninawaomba mfanye nini? Mkienda kwenye mafunzo kwa vitendo, msiishie kupanga risiti za ofisi. Waombeni walimu wenu wakubali ripoti inayopima mradi mmoja tu wa kampuni kwenye kijiji kimoja. Na mfanye hivi.

Kwanza, ombeni mpango wenyewe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Tunzeni nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Pili, andikeni hali ilivyo kabla mradi haujaanza. Ukija baada ya shule kujengwa, hutajua watoto walikuwa wanatembea umbali gani zamani. Ruangwa mna bahati, mengi bado yanaanza. Anzeni sasa.

Tatu, hesabuni watu, msihesabu vitu. Madawati mia si kipimo. Watoto waliokuwa wanakaa chini na sasa wamekaa, hicho ni kipimo. Na ulizeni walio mbali, wanawake, wazee, mwenye ulemavu, yule asiyekuja kwenye uzinduzi.

Nne, kabla hamjachapisha, ipeni kampuni na halmashauri nafasi ya kujibu. Sisi wa sheria tunaita haki ya kusikilizwa. Wakijibu vizuri, andikeni. Kampuni iliyofanya kazi nzuri isifiwe, hata kama mgeni rasmi alikuwa mtu wa chama tawala.

Tano, rudisheni majibu kijijini kwanza, kwenye mkutano mkuu. Takwimu zile ni zao.

Na mtu akikutisha kwamba takwimu ni za serikali peke yake, mwambie taratibu tu: Sheria ya Takwimu ilibanwa mwaka 2018, lakini mwaka 2019 Bunge likairekebisha, raia ana haki ya kukusanya na kutoa takwimu zake. Ila andika ulizipataje, nani uliwauliza, siku gani. Ukificha njia, umejiangusha mwenyewe.

Namalizia, mwenyekiti ameshaanza kukohoa.

Chama chetu kinataka kuongoza halmashauri hizi mbili. Siku tukipewa, hayo madawati na visima vitakuwa mikononi mwetu, na utepe tutakata sisi. Ninataka siku hiyo awepo kijana wa Nachingwea au Ruangwa mwenye daftari, atuulize yale maswali matatu bila kuogopa kwamba anaharibu chama. Kama hatuwezi kuvumilia kipimo leo tukiwa wapinzani, kesho tukiwa na ofisi tutakivumilia vipi?

Hapa Nachingwea ndipo wapiganaji wa FRELIMO walipofanyia mazoezi miaka ile, kabla ya kurudi kuikomboa Msumbiji. Kaulimbiu yao tunaitumia mpaka leo vyuoni. Wao walifundishwa kulenga kwanza. Na sisi tujifunze kupima kwanza, ndipo tupande jukwaani.

Daftari la mia tano linauzwa dukani pale nje. Nunueni mkitoka.

Aluta kontinua.